Ukoo umenibariki niende kwenye vita, na mwanangu bado ananyonya

Admin, naomba unifichie jina, mume wangu yumo humu.

Mimi ni mama wa miaka 29, nafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja hapa Mikumi. Nina mtoto mmoja wa miezi minane. Mdogo wangu alikwenda nje kufanya kazi za ndani, akazalia huko. Sasa huko kuna vita, na serikali yetu imetangaza mtu asisafiri kwenda mpaka hali itulie. Mdogo wangu aliangukiwa na ukuta, amelazwa, hawezi hata kusimama. Mwanawe wa mwaka mmoja yuko kwa bibi mmoja jirani, mwenyeji wa huko, naye anajiandaa kukimbia.

Jumapili tukaitwa kikao cha ukoo Kilosa, kwa mjomba. Sisi kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akisema imetoka. Akanitazama. "Mama, damu yetu haiwezi kubaki kwa watu. Utamfuata wewe. Una neno?"

Nikainamisha kichwa. Neno nilikuwa nalo, jamani. Ila kwetu mpwa hambishii mjomba mbele ya wazee. Unamfuata baadaye, pembeni, ukiwa na mtu mzima wa kukusemea. Kabla sijakaa sawa akachota maji kwenye bakuli, akaninyunyizia kichwani kunibariki, wazee wakapiga makofi. Kumbe kimya changu wamekihesabu ndiyo. Nikamtuma mama mkubwa akanisemee, akajibiwa, "Baraka hairudishwi. Mwambie aanze kuaga."

Mume wangu aliposikia hakufoka, na hicho ndicho kinachonitisha. Alisema tu, "Serikali imekataza, na mimi nimekataza. Ukienda, mtoto nampeleka kwa mama yangu kule Lumuma, na usije kumdai."

Jana mdogo wangu akapiga simu. Nilijua atalia. Akaongea taratibu kabisa: "Dada, mimi niache. Mchukue mtoto tu. Yule bibi anaondoka Jumamosi."

Tiketi ukoo umeshaikata, ni ya Alhamisi. Naogopa, sitaki kuwadanganya, naogopa kufa. Nikienda, wangu anaweza kukua bila mama. Nisipokwenda, wa mdogo wangu anabaki peke yake kwenye mabomu, na mjomba hatanitazama tena usoni.

Nyie mliowahi kumkatalia mjomba, nisaidieni mawazo kabla ya Alhamisi. Mikono ninayo miwili, lakini mtoto wa kumshika ni mmoja. Nimshike yupi?