Jiwe la Chini ya Tairi: Kutoka Riyadh hadi Jeddah

Nilisafiri kwa sababu mpwa wangu Mwanaidi alinipigia simu analia. Binti huyu anasomea miamba chuoni Jeddah. Ikama yake, kibali cha kuishi huku, ilikuwa inakaribia kuisha, na shahada yake ilikuwa imebakiwa na kazi moja tu: kupima mawe ya chokaa kutoka milima ya Tuwaiq, nje ya Riyadh. Gari la chuo limeharibika, na zamu yake kwenye mashine ya kupimia ikipita ndiyo imepita.

"Mjomba, nifanyeje?"

"Umeshapiga kwa mwenyewe," nikamwambia. "Futa machozi."

Ndugu zangu wa Tanga mnanijua. Asiyenijua ajue leo: shule niliachia darasa la nne, lakini Riyadh hii ukiuliza fundi marumaru Mswahili, Al-Murabba nzima itakuonyesha mlango wangu. Sakafu nilizoweka mimi, madam wanajitazamia wakipaka wanja.

Tuwaiq, asubuhi. Nililifuata genge lile lile la mlima alilonitumia picha, nikabandua mawe kwa nyundo yangu. Mwanaidi alishaniambia kwamba huko kote zamani kulikuwa bahari. Sikubishana naye, mawe yenyewe yalikuwa na magamba ya kombe ndani, na bahari ya sasa iko safari ya siku nzima.

Karakana, jioni. Nikajiambia: kitu cha kwenda chuo kikuu hakiendi kichafu. Nikayakata vipande vyembamba, nikayapiga msasa, nikamalizia na ule unga wangu wa rangi ya waridi, unaofanya jiwe ling'ae kama glasi. Moja tu, bonge lenye ufa, nilihofia litapasukia kwenye msumeno. Nikalitupa nyuma ya gari hivyo hivyo.

Barabarani, pikapu ya kafili wangu, tajiri anayenidhamini huku, ilienda vizuri jangwa lote. Baada ya Taif unateremka Al-Hada, mlima wa kona juu ya kona, na breki zikaanza kunuka. Nikasimama pembeni zipoe. Dereva wa kwetu hasimami mteremkoni bila kuweka jiwe chini ya tairi, nami nikaweka lile bonge baya. Nyani wa pale wakaninyang'anya mkate wangu wote, hata shukrani mafi, hakuna! Breki zilipopoa nililitoa jiwe barabarani, maana kumwachia mwenzako jiwe njiani ni ushenzi, nikalirudisha garini.

Jeddah, joto la kukamua shati. Mwanaidi alinipokea maabara pamoja na mwalimu wake, Dokta Huda, mama wa Kisaudi mwenye kicheko cha karibu. Nikafungua sanduku kwa madaha. Dokta akainua kipande, akaona uso wake humo.

"Mashallah! Hiki nakitaka bafuni kwangu."

Mwanaidi hakucheka. "Mjomba, umevipaka nini?"

"Unga wa kung'arishia. Ule wa bei, mwanangu, si wa mchezo."

Binti akakaa chini sakafuni, na koti lake jeupe.

Akanieleza taratibu, na mimi nawaeleza nyinyi. Ndani ya mawe haya kuna metali adimu, chembe kidogo mno, zenye tabia moja kama watoto wa tumbo moja. Mmoja wao, seriamu, ndiye mkorofi. Bahari ikiwa na hewa safi, yeye hujitenga na maji, wenzake wakabaki. Kwa hiyo jiwe lililofanyika humo huwa na upungufu wake, na upungufu huo ndio unaosimulia bahari ile ilikuwaje.

"Na unga wako, mjomba, karibu wote ni seriamu! Umeingia kwenye vitundu vya jiwe. Nikipima, napima karakana yako."

Dokta akasema zamu ni kesho, na halas, haina nyingine. Ndugu zangu, mimi nimebeba marumaru za majumba ya wakubwa, lakini sijawahi kuhisi uzito kama ule.

Kisha nikakumbuka. "Lipo moja sikuligusa. Lakini limelaliwa na tairi."

"Genge lile lile?"

"Lile lile. Baya hilo, utalionea aibu."

"Lilete, mjomba! Yalla!"

Akalipasua, akatupa ganda la nje lote lenye mpira na vumbi, akachagua moyo wake mweupe. Nikanyoosha mkono nimfutie.

"Usiliguse!" wakapiga kelele wote wawili.

Siku ya pili nilisubiri nje, kahawa baada ya kahawa. Mlango ukafunguliwa, Mwanaidi akanirukia shingoni. "Imeshuka, mjomba! Seriamu imeshuka! Bahari ilikuwa na hewa!"

Nikasema Alhamdulillahi kama vile bahari yenyewe ni yangu.

Kurudi Riyadh nilibeba nusu ya jiwe lile, na vile vipande vya kung'aa nilimwachia Dokta kwa bafu lake. Nilichojifunza ni kuuliza kabla ya kupendezesha. Jiwe nimeliweka mlangoni pa karakana. Juzi mteja akaniuliza mbona fundi mkubwa ana jiwe baya namna hii. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu bora kuliko zote, maana sikuifanya kitu.