Ua Lililovuka Kifundo cha Mguu

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, dada yangu Mwanaidi kanyoosha mguu juu ya mto wa kulalia, na mie nimeinama na njiti ya ufagio mkononi, nampiga maua ya piko, ile rangi nyeusi ya kupambia ngozi, najiona Tanga nzima hakuna kama mie. Nilikuwa msichana wa darasa la saba. Jana nimekuona wewe na simu yako, unaitazama michoro ya Wahindi na Waarabu kisha unaihamishia kwenye mkono wa mdogo wako, na mama yako pembeni anapiga picha anacheka. Sikusema kitu. Leo nasema, na unisikilize mpaka mwisho, maana mie nikikatizwa huanza upya.

Hakuna aliyenifundisha. Siku zile piko ilikuwa kazi ya makungwi, na makungwi wa mtaani kwetu walikuwa wachoyo wa ujuzi wao. Ukisogea kutazama unaambiwa kachote maji. Nikajifunza kwa macho ya wizi. Niliiga pindo za kanga, nikaiga majani ya kisamvu, nikaiga hata nakshi za mlango wa jirani yetu Mwarabu, mpaka mkewe akaniuliza kama nina nia ya kuununua. Nilianza kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na kwetu hakuna aliyenigombeza. Baba alikuwa akichuuza machungwa ya Muheza; akirudi, hata viatu hajavua, swali lake ni lile lile: leo umechora nini? Akasifu hata maboga niliyodhani ni mawaridi. Mama ndiye aliyeninunulia piko ya kwanza.

Lakini ukuta si ngozi. Ukuta hautoki jasho, haujipindi kwenye goti, haucheki ukitekenywa. Nilihitaji mguu wa mtu, na Mwanaidi akanipa wake.

Hapa nisipokueleza hutaelewa, maana nyie siku hizi mnapakana tu. Zamani kwetu mwali hapakwi piko. Hina kidogo kwenye kucha siku ya Idi, basi. Maua ya mikononi na miguuni mwanamke anapakwa mara ya kwanza anapoolewa, na ukimwona nayo unajua huyu ana mume. Mwanaidi alikuwa mwali, tena ameposwa. Mchumba wake aliitwa Bakari, fundi cherehani wa kule Moa, kijana mpole asiyejua kupandisha sauti. Dada yangu alimpenda. Ukilitaja jina lake ghafla, Mwanaidi alijifanya anatafuta kitu chini ya kitanda.

Kwa hiyo mama akaweka mpaka.

“Chora kuanzia juu ya kifundo mpaka gotini,” alisema. “Chini ya hapo usiguse. Akitawadha mbele za watu anaosha mpaka kifundo, hakuna atakayeona.”

Mama alikuwa amefikiri. Mie ndiye sikufikiri.

Siku hiyo ninayokwambia nilianzia gotini. Mashina yakateremka vizuri, majani yakakaa kila mahali pake, nikafika kwenye kifundo na nikahisi ua linadai kuendelea mpaka kwenye vidole. Ndivyo nilivyojiambia, ua linadai. Ua halidai kitu, mwanangu. Ni mie niliyedai.

“Umevuka,” Mwanaidi akasema.

“Nikilikata hapa litaharibika, dada. Na soksi si unazo?”

Akautazama mguu wake, kisha akanitazama mie. Sasa ndiyo najua alichokiona: mtoto anayechekelea mpaka meno ya nyuma. Akashusha pumzi.

“Haya, malizia,” akasema. “Na huu wa pili nao, usije ukaninunia.”

Kesho yake baba akarudi na salamu kutoka Moa. Shangazi yake Bakari ana maulidi ya wanawake, na anataka mama aende na mkwe wao, watu wamwone. Kutokwenda kungekuwa ni kuwatukana. Mama alipoiona miguu ya Mwanaidi alikaa chini pale pale kwenye sakafu. Hakunipiga. Tulisugua kwa ndimu, tukasugua kwa majivu, tukasugua kwa jiwe la miguu mpaka ngozi ikawa nyekundu, na piko ikafifia pembeni tu. Mama alisugua huku machozi yanamtoka. Tukaenda, Mwanaidi na soksi zake nyeusi, na mie nyuma yao nimebeba mkoba.

Maulidi yalisomwa vizuri, tukarushiwa marashi, tukala. Kisha ikaadhiniwa alasiri, na wanawake wakatoka uani kwenye pipa la maji kutawadha. Mwanaidi akabaki ameketi. Shangazi yake Bakari, ambaye nisimseme vibaya, alikuwa mwanamke mwema, akamwita mwenyewe: “Njoo, mama, maji haya hapa.”

Angeweza kusema ana udhuru wa kike, asingeulizwa zaidi. Mama alimkonyeza aseme hivyo. Lakini dada yangu hakuwa mtu wa kudanganya ili aikwepe swala. Aliinuka, akaenda kwenye pipa, akavua soksi.

Wanawake wakaikodolea macho ile miguu. Aliyekuwa na kopo mkononi akasahau kumwaga maji.

“Huyu ni mwali,” shangazi akauliza polepole, “au ni mke wa mtu?”

Mama akaeleza kila kitu: ni mdogo wake huyu hapa, anajifunza kuchora. Ulikuwa ukweli mtupu, na pale uani ulisikika kama uongo wa kitoto.

“Anajifunzia kwa mwali?” shangazi akasema. “Na wewe mama mtu unatazama?”

Wote wakanigeukia. Neno moja tu lilitakiwa kutoka kwangu, kwamba mama alikataza na mie ndiye niliyevuka. Ulimi ukanigomea. Nikaushika mkoba kwa mikono miwili na kutazama chini. Mwanaidi akamaliza kutawadha, akaswali nao safu moja, na baada ya swala hakuna aliyempa mkono.

Juma halikuisha, mshenga akarudi kuvunja posa. Kule Moa walishasema Mwanaidi aliolewa kwa siri akaachwa, wengine wakasema makubwa zaidi. Bakari mwenyewe alikuja, akasimama barazani na baba, akasema wazee wake wamekataa naye hana uwezo wa kuwavunjia heshima. Dada yangu alimsikiliza akiwa nyuma ya pazia. Sijapata kumwona mtu amesimama wima vile.

Mie nikazikusanya njiti zangu zote nikazitia jikoni, motoni. Nilidhani hiyo ndiyo toba. Mwanaidi akanikuta, akachomoa njiti nyingine kwenye ufagio, akaniwekea mkononi.

“Usinitie hasara mara mbili,” akasema. “Kaa ujifunze.”

Basi nikajifunza, safari hii kwenye mguu wangu mwenyewe wa kushoto, mlango umefungwa. Na hayo mengine unayajua. Maharusi wa mjini na wa mashamba waliniita, baadaye nikaanza kuchora kwenye vitambaa na mbao, na leo picha zangu zimetundikwa kwenye kumbi za watu nisiowajua. Watu husema mie nimejifunza mwenyewe. Wakisema hivyo naona haya.

Mwanaidi alikaa nyumbani mpaka wenzake wote wakaolewa. Mwishowe alichukuliwa na mkulima mmoja wa Maramba, mtu mzima, awe mke wa pili. Hakuteswa, marehemu shemeji yangu alikuwa muungwana. Lakini ukimtajia dada jina la mume wake hakuinama kutafuta kitu chini ya kitanda. Alijibu tu, “Yuko shamba.”

Sasa sikia kinachonila roho. Sikumwomba radhi. Kila nikienda Maramba nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga, na kila nikifika alinipokea mlangoni kwa kelele, “Mchoraji wetu huyo!”, akawaita majirani waje wanione, akawaonyesha picha zangu utadhani kazichora yeye. Mbele ya furaha ile nikayameza. Nilijiambia ameshasahau, nikimkumbusha nitamuumiza. Uongo. Niliogopa kusikia atakachonijibu.

Mwaka jana, mfungo ukikaribia, tukaitwa. Tulipofika Maramba, dada alikuwa ameshakata roho, amefunikwa shuka. Niliingia na wanawake waliomwosha, na nilipofikia miguu yake nikaishika yote miwili, misafi, haina hata alama, nikasema, “Nisamehe, dada.” Nikakaa hivyo, kama mtu anayengoja jibu. Mwoshaji akaniambia kwa upole, “Mwagia maji, bibi, watu wanangoja nje.” Nikamwagia maji.

Mwanangu, sikukatazi kuchora. Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu wa umri huo, na nasema hivyo nikijua utavimba kichwa. Ninalokwambia ni kwamba moyo wa kuendelea unaopewa na watu wako una mtu anayeulipia. Mmoja anakaa bila kujisogeza mpaka mguu unakufa ganzi. Mwingine anaacha jambo lake ili lako liende. Wajue ni akina nani. Ukiwekewa mpaka na mzazi, uliza sababu yake kabla mkono wako haujavuka, hata kama kazi inakuvuta namna gani. Jaribu kwanza kwenye ngozi yako. Na mtu akikwambia “haya, malizia,” acha kutazama mchoro, mtazame usoni, maana mara nyingine hataki, anakupenda tu. Mdogo wako hatakuambia. Na siku utakayomkosea mtu wa namna hiyo, usipange maneno, usingoje siku nzuri. Nenda ukamwambie hivyo hivyo kwa kubabaika, naye angali na pumzi ya kukujibu, hata akujibu vibaya.

Mwenyezi Mungu akubarikie mikono yako, akuzidishie watu wa kukupa moyo, awaweke hai uzee wako uwakute, na akupe ulimi wa kuwaambia ahsante na wa kuwaambia nisamehe. Ulimi hata mie alinipa. Sikuutumia.