Aliuona mshale wa pili, akaambiwa abebe karai

Saa moja na nusu asubuhi, Nemba, wilayani Biharamulo. Adventina Rogasian anamwaga ndoo nzima ya maji kwenye uwanja wa watu.

Mwenye uwanja, Bi Secilia, ameshika kiuno.

"Maji hayo nimeyafuata mimi kisimani, binti. Kwa kichwa changu."

"Nitakurudishia, mama. Angalia kwanza yanakwenda wapi."

Maji hayana haraka. Yanazunguka mafiga, yanapita pale ambapo Bi Secilia ametaka uwe mlango wa jiko lake jipya, kisha yanateremka kuelekea kwenye mihogo. Adventina anayafuata, anachomeka kijiti kila yanapopita.

"Umeona? Ukiweka mlango hapo, mvua itaingia bila kupiga hodi."

"Lakini mimi nilitaka utazame barabara. Watu wakipita waone na Secilia amejenga."

"Watauona moshi, mama."

Bi Secilia, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe zao kutoka Shinyanga, anacheka mpaka anakaa chini. Mlango unahamishwa upande wa pili.

Adventina hacheki. Ana miaka ishirini na mitatu, ni mwembamba, na mikono yake imekauka kwa saruji. Mtu akitaja mlango na barabara kwa pamoja, uso wake unabadilika. Anakunjua kamba yenye mafundo, anapima hatua tatu upande huu na nne upande ule, kisha anakaza tano katikati ili kona ikae sawa. Anaivuta kamba kana kwamba ndiyo iliyomkosea.

"Nina hasira," anasema bila kuulizwa. "Watu wananiambia nisamehe. Nimsamehe nani? Hakuna aliyeniomba."

Adventina anataka kuwa msanifu majengo. Neno hilo alilisoma kwenye kibao cha mradi, akauliza maana yake. Wakamwambia ni mtu anayechora nyumba na hashiki hata tofali moja. "Nikasema mimi nitashika vyote viwili," anasema.

Alizaliwa Ntobeye, wilayani Ngara. Alipomaliza darasa la saba jina lake lilitoka, akachaguliwa kwenda sekondari. Kaka yake Elick alikuwa tayari kidato cha pili, na baba akasema mmoja anatosha. Mwaka uliofuata Elick aliacha shule akaenda kwenye machimbo ya dhahabu. Kiti chake kilibaki wazi. Hakuna mtu pale nyumbani aliyesema basi akakalie Adventina.

Akiwa na miaka kumi na sita akaingia kwenye ujenzi, saidia fundi wa Sostenes, fundi mkuu anayejulikana sana upande wa Ngara. Kubeba maji, kubeba matofali, kuchanganya saruji na mchanga. Saidia fundi wa kiume alilipwa shilingi elfu kumi kwa siku. Yeye elfu saba.

"Karai zilikuwa zilezile. Nilipomuuliza Fundi, akasema wanaume wana familia. Mimi nyumbani nilikuwa nawalisha wadogo zangu watatu, sijui wale yeye anawaita nani."

Alikaa na Sostenes miaka mitano. Alivumilia kwa sababu ya kitu kimoja: ramani. Kila saiti ramani ilitandikwa juu ya rundo la mchanga, ikawekewa mawe manne isipeperuke, na aliyesimama karibu na mchanga kutwa nzima ni anayechanganya. Wakati wa chakula wenzake walilala kivulini. Yeye alinakili. Alitumia daftari la hesabu lenye miraba, na kila ukurasa aliandika tarehe juu, upande wa kulia, kama alivyofundishwa darasani.

Hivyo ndivyo alivyouona mshale wa pili.

Ilikuwa mwaka juzi, kwenye ujenzi wa nyumba ya mwalimu, katika shule moja iliyoko mlimani. Ramani ilikuwa na mishale miwili. Mmoja ulikuwa na herufi kichwani, ule wa kaskazini, kila fundi anaujua. Wa pili ulikuwa mwembamba, hauna herufi, umetoka nyuma ya nyumba ukaelekea barazani. Nyuma ya nyumba palichorwa msingi mrefu na mfereji. Mbele palikuwa na baraza la chini, la wazi.

Kwa aliyezoea miteremko ya Ngara, mshale ule ulisema wazi: maji yanatoka huku, yanakwenda kule. Mgongo wa nyumba ukae upande wa mlima, baraza litazame bonde.

Lakini barabara ilipita juu, upande wa mlima. Kamati ya ujenzi, watu kumi na wawili chini ya mwenyekiti wao Privatus, ilikuwa imeshakaa na kuamua kwamba nyumba itazame barabara. Kijiji kimejenga, wapita njia waone. Sostenes akaigeuza ramani juu chini, akapigilia mambo, vile vijiti vya kupimia msingi.

Mfereji wa kukinga maji ukachimbwa bondeni, mahali pasipo na maji ya kukinga.

"Fundi, huu mshale wa pili ni wa nini?" Adventina aliuliza.

"Wa kaskazini."

"Wa kaskazini si ule mwingine?"

"Basi kaskazini ziko mbili. Beba karai."

Saiti nzima ilicheka. Kuanzia siku hiyo wakamwita Msanifu. Msanifu, lete maji. Msanifu, mchanga umekwisha, chora mwingine.

Alisema tena msingi ulipofika usawa wa sakafu. Akasema mara ya tatu kabla ya kuezeka. Mara hiyo Sostenes alishuka kwenye jukwaa.

"Umesoma mpaka wapi wewe?"

"La saba."

"Hata mimi la saba. Tofauti yetu mimi nina mwiko."

Mwalimu Laurian alihamia Septemba na mke wake na mtoto mchanga. Novemba mvua ikanyesha siku mbili. Maji yalishuka kutoka barabarani, yakapanda baraza, yakaingia mlango wa mbele na kutokea jikoni. Mke wa mwalimu alimweka mtoto juu ya meza. Hadi Aprili nguzo za baraza zilikuwa zimedidimia, na ufa ambao kidole kinaingia ulikuwa umetoka kwenye msingi, ukapita dirishani hadi kwenye linta.

Wakaguzi wakaja, wakauliza. Sostenes hakutaja mshale. Alisema saruji ilikuwa dhaifu. Alisema msichana aliyekuwa anachanganya alikuwa anapunja, na huenda alikuwa anaiuza.

Adventina akilisimulia hili huweka chini alichokishika.

"Kipimo alinipa yeye! Ndoo kwa ndoo, amesimama pale, ananihesabia kwa mdomo wake. Kwanza ufa wenyewe unatokea kwenye msingi ulioliwa na maji. Mtu yeyote anayeona anaona."

Alikwenda kwenye mkutano wa kamati na daftari lake. Akafungua ukurasa: nyumba, mishale miwili, tarehe. Privatus alilipokea, akalitazama, akalifunga.

"Daftari la hesabu si ramani ya serikali, binti. Kaa."

"Mwenyekiti, basi ileteni hiyo ya serikali, tuitazame wote."

"Nimesema kaa."

Ramani haikuletwa. Watu kumi na wawili waliochagua barabara walitazama viatu vyao. Mwalimu Laurian, mgeni kazini, alikuwa ameketi nyuma. Alikohoa.

"Alikohoa tu," anasema Adventina. "Mtu anayelala ndani ya maji, akakohoa."

Baada ya hapo hakuna fundi wa Ngara aliyemtaka. Akahamia Nemba kwa shangazi yake, anajenga majiko na vyoo vya watu, peke yake. Jiko moja ni siku tano hadi sita, na humpatia shilingi elfu sitini ikiwa mwenye jiko ni muungwana.

Mwezi wa nane mwaka huu, chuo kimoja cha ufundi kilitangaza kuwapima mafundi waliojifunzia kazini ili wapewe cheti. Kwa mtu wa darasa la saba, ule ndio mlango wa karibu. Ukishika cheti unalipwa kama fundi, unapata ada ya mtihani wa maarifa, ule unaomruhusu asiyesoma sekondari kufanya kidato cha nne, ukaingia stashahada ya usanifu majengo. Sharti lilikuwa barua kutoka kwa fundi uliyefanya naye kazi miaka isiyopungua mitatu.

Adventina amefanya kazi na fundi mmoja tu.

Akaenda. Sostenes si mtu wa kelele. Alimkaribisha kitini, akaagiza soda, akaweka karatasi mbili mezani.

"Hii ndiyo barua yako. Nimeandika umefanya kazi na mimi miaka mitano, mchapakazi, mwaminifu."

"Asante, Fundi."

"Na hii nyingine unaweka sahihi hapa chini."

Ile nyingine ilisema: Mimi Adventina Rogasian nakiri kuwa nilipunguza saruji katika ujenzi wa nyumba ya mwalimu.

"Kwa hiyo kwenye hii mimi ni mwaminifu, na kwenye hii mimi ni mwizi?"

"Ni karatasi tu, dada. Zinakwenda ofisi tofauti."

Kalamu aliishika. Hilo halifichi.

"Niliishika muda mrefu, nisikudanganye. Nikaziona nyumba nitakazochora. Halafu nikasikia watu wakizipita wanaambiana, hizo kachora yule aliyeiba saruji ya mwalimu. Nikaiweka kalamu chini. Soda yake sikuinywa."

Alipanda gari hadi chuoni akiwa na fomu yenye pengo. Dada wa mapokezi aliigeuza mbele na nyuma.

"Barua ya fundi iko wapi?"

"Sina."

"Sasa mtahini atajuaje kama unaijua kazi?"

"Aje anione."

Dada yule akaingia ofisi ya ndani, akakaa huko hadi Adventina akadhani amesahauliwa. Aliporudi alisema inawezekana. Asiye na barua atapimwa mbele ya jengo lolote analoweza kulieleza kuanzia msingi hadi paa, achague mwenyewe. Adventina akaandika: nyumba ya mwalimu, na jina la ile shule ya mlimani.

"Hii nyumba umeijenga wewe?"

"Nilibeba karai. Nitamweleza kwa nini inakufa."

Akapewa tarehe: kumi na nne Novemba, mvua zikiwa zimeshika.

Ilibaki ruhusa ya anayeishi humo. Akampigia Mwalimu Laurian. Mwalimu akasema, "Njooni. Nitaacha mlango wazi. Mke wangu ameapa nikikohoa tena nitalala nje."

Safari yenyewe ni ndefu, na Adventina amekwisha kuipanga: cheti, mtihani wa maarifa, kidato cha nne, stashahada, kisha chuo kikuu kama Mungu na mfuko vitakubali. Anakadiria miaka kumi. Atakuwa na thelathini na mitatu.

"Wananiambia utazeeka. Hata nisiposoma miaka hiyo itapita. Mimi sitaki kuchora maghorofa. Nataka nichore nyumba za milima hii, na kwenye kila ramani niandike kwa maneno, siyo mshale: MAJI YANATOKA HUKU. Asiyejua asome. Asiyesoma aulize. Hata akiuliza kwa anayebeba karai."

Juzi, akiwa kwenye kozi ya nne ya matofali ya jiko la Bi Secilia, ujumbe uliingia kwenye simu yake. Ulitoka kwa Sostenes. Aliusoma kimya, kisha akausoma kwa sauti, Bi Secilia akisikiliza.

"Dada Adventina, barua yako iko tayari, njoo uchukue. Hakuna kusaini kitu. Ila nasikia unamleta mtahini kwa mwalimu. Mpeleke jengo lingine, majengo mbona yako mengi."

"Si ndiyo hiyo barua uliyokuwa unaitafuta?" Bi Secilia aliuliza.

"Ndiyo hiyo, mama."

Alijipangusa mikono kwenye kitenge, akaandika kwa kidole gumba kimoja, polepole, bila kufuta neno:

"Kaa nayo, Fundi. Au njoo nayo tarehe kumi na nne, umsomee mtahini ukiwa umesimama barazani. Vaa gambuti."