Samaki wa Ghorofa ya Tano

Miaka yote Njambi alimcheka jirani yake Nafula, muuza samaki wa mtaa wa Gatina: unawakaanga kila siku, halafu msichana wako anaenda chuo kuwasoma? Siku msichana huyo, Mitchelle, alipofuzu, majirani hao wawili walikutana kwenye ngazi na mitungi, maji yakiwa yamepotea tena.

"Mama Mitchelle, kwani alisomea nini hasa?"

"Moshi wa magari na viwanda unaingia baharini, maji yanakuwa na asidi. Samaki anamaliza nguvu akiweka damu yake sawa. Ya kukua haibaki."

"Sijashika."

"Ukifikisha huo mtungi ghorofa ya tano, unabaki na nguvu ya kupika?"

Njambi aliutua mtungi, akihema. "Kumbe huyo samaki ni mimi."

Nafula akaubeba pamoja na wake, akapanda akipiga vigelegele mpaka juu.