Mstari Mwekundu kwenye Rimu ya Nne

Pale Rusimbi, mtaa wa pembeni mwa Kigoma, shughuli ikimalizika, iwe harusi au matanga, sufuria kubwa za mtaa zilirudishwa kwa Mwamvua, mke wa Kasongo dereva. Hakuna aliyemteua. Alianza kuzipokea akiwa bibi harusi mpya, akazisugua kuliko wenzake, kazi ikamganda. Na hakuipokea sufuria mpaka aifanyie kipimo alichofundishwa na mama yake. Alipaka mawese kwenye kitako, akayafuta mpaka kitambaa kitoke kikavu, kisha akanyunyiza unga wa muhogo na kuianika juani. Sufuria nzima ilibaki nyeupe. Yenye ufa, hata ule ambao jicho halioni, ilichora mstari mwekundu juu ya unga, maana mafuta yaliyojificha ndani yalipanda tena. Hapo aliyeazima hakuwa na la kubisha.

"Wewe Mwamvua, hata mkweo ungempaka mawese," wanawake walimtania.

"Akivuja nitampaka."

Lakini mwaka ule wa sabini na nne utani ulikuwa umepungua. Malori ya Operesheni yalipita mtaa kwa mtaa, na mtu wa mjini asiye na kazi aliandikwa jina akapelekwa kijiji kipya. Watu wa Rusimbi walikuwa wakipelekwa mbele ya Simbo, porini, ambako hata zahanati haikuwapo. Mwamvua hakuogopa jembe, alikulia juu yake. Aliogopa kifua cha binti yake Siwema. Mtoto alikuwa na miezi kumi, na kila Alhamisi alipelekwa Kigoma kudungwa sindano. Mtoto wake wa kwanza alikwisha kumzika, kwa kifua hichohicho, na sasa alijua hospitali ni ya kuwahiwa.

Kilichowaweka mjini ni kazi ya Kasongo kwenye ushirika wa mawese. Basi Jumatatu moja rejeta ya gari ikamrushia mvuke, mkono wa kulia ukababuka mpaka kwenye kiwiko. Kesho yake msimamizi wa yadi, Pastory, akamwita yadini, kule Katonga, na Mwamvua akaenda naye, mtoto mgongoni.

Ndani ya banda lilikuwako gari moja refu, lililoachwa na Mbelgiji aliyekimbia Kongo mwaka wa sitini. Rimu za magurudumu yake zilikuwa za alumini, si za chuma kama za magari mengine. Miaka mitatu ya mwisho lilikuwa limesimama hapo, kuku wakilala chini yake na maji ya samaki yakichuruzika kutoka kwenye vichanja vya dagaa. Injini ilikuwa imefufuliwa. Rimu zilikuwa na madoa meupe, mengine yamevimba kama ukoko.

"Jumamosi mgeni rasmi anakwenda kufungua kile kijiji cha mbele ya Simbo, na ataingia na gari hili," Pastory alisema. "Kasongo utaendesha. Lakini huo mkono umefungwa kama mtoto wa jando. Nani atasugua?"

"Mke wangu."

Pastory akacheka. "Shemeji, hizi si sufuria za pilau."

"Alumini ni alumini, Ndugu Pastory," Mwamvua alijibu.

"Haya. Jumamosi nikiona doa, jina la mumeo linatoka kwenye karatasi ya wafanyakazi, linaingia kwenye ile nyingine. Naye ni mtu wa ng'ambo ya ziwa, sijui nani atamsemea."

Mwamvua alianza kwa alichokijua. Alichuja maji makali ya majivu, yale ya kupikia sabuni, akaloweka matambara, akayafunga kwenye rimu ya kwanza, akaketi kumnyonyesha Siwema. Alipoyafungua, rimu ilikuwa imekuwa nyeusi kama chungu, na madoa yamepanuka.

Jirani wa yadi, mzee Leodgar, fundi wa kuchomelea, alisogea.

"Mwakeye, mwanangu," alimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umepaka nini hapa?"

"Maji ya majivu."

"Uuuh! Hayo yanang'oa masizi, lakini ukiyaacha juu ya alumini yanaila. Suuza upesi. Kalete ndimu ikate ukali wake."

Akampa na vipande vya msasa, vya kukwaruza hadi vilaini. "Sugua na maji. Anza na huu mkali, malizia na huu. Na usilifuate doa peke yake, utachimba shimo. Punguza uso mzima mpaka ufikie lilipo."

Alisugua Jumanne na Jumatano. Alhamisi alitoka hospitali akaja moja kwa moja, harufu ya spiriti ikiwa bado kwenye paja la mtoto. Kucha zilikwisha, ncha za vidole zikawa laini kiasi cha kutoshika hata sindano. Rimu tatu zilitakata. Alizimalizia kwa kipande cha blanketi na chaki iliyosagwa, mpaka Siwema akanyoosha mkono kumshika mtoto mwenzake aliyemwona humo ndani.

Ya nne ilikuwa na doa moja, karibu na tundu la nati. Alilisugua Ijumaa asubuhi yote. Lilipungua, likawa la kijivu, likawa dogo kama punje ya mtama. Kisha likaacha kupungua. Kila alipomwaga maji na kupangusa, palibaki kitu kama unywele. Aliuona unywele huo, akaweka msasa chini.

Kwenye pindo la kanga alikuwa na kichupa cha mawese ya kumkanda Siwema kifuani. Alipaka. Alifuta, akafuta tena. Akanyunyiza chaki, akaiegemeza rimu juani.

Mstari ulitokea taratibu, mwekundu, kutoka tundu moja la nati hadi la pili.

Kasongo aliinama akautazama. Kipimo kile alikuwa akikiona tangu alipooa, hakuhitaji kuambiwa.

"Futa," alisema.

"Baba Siwema."

"Futa, paka chaki yako, tufunge. Nitakwenda polepole."

"Mteremko wa Simbo unajua polepole?"

"Na Alhamisi ya huyo mgongoni je? Nayo umeifikiria?"

Leodgar alipita kidole juu ya mstari. "Inaweza ikafika. Inaweza isifike."

"Ichomelee, mzee," Mwamvua alisema.

"Kwa gesi yangu? Itayeyuka imwagike kama uji. Na ya akiba hakuna, Kigoma nzima haina yenye matundu haya."

Mwamvua akafuta. Akamshikia mumewe rimu, naye akakaza nati kwa mkono wake mzima, wakaenda nyumbani.

Jumamosi Pastory alikuja na shati lililopigwa pasi, pamoja na bwana mmoja wa msafara wa mgeni. Aliinama kwenye rimu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne alichekelea.

"Shemeji! Hapa naona hadi meno yangu. Kasongo, wewe ni wetu. Jina lako halitikisiki."

Kasongo alikuwa ameshika mlango kwa mkono wa kushoto. Alimtazama mkewe, naye akaona macho yake yakimwomba. Siwema alikohoa mgongoni, kikohozi kifupi kikavu. Mwamvua alihisi kikohozi kile kikipita kwenye uti wake wa mgongo.

Akachutama. Akafungua pindo la kanga, akatoa chaki iliyobaki, akaipuliza kwenye rimu ya nne.

"Unafanya nini?" Pastory aliuliza.

Alipuliza tena. Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Mafuta yaliyobaki ndani yakapanda, na mstari ukajichora mbele ya wote.

"Doa!" Pastory alifoka. "Nilisema nisione doa!"

"Si doa, ndugu. Rimu ina ufa. Itakatika njiani."

Bwana wa msafara aliinama, akatazama, akainuka, akaagiza gari jingine. Mgeni alikwenda na Landrova. Hakuna aliyemshukuru Mwamvua. Saa sita Pastory aliandika kwamba dereva Kasongo ameachishwa kwa uzembe, na Jumatatu lori lilisimama mlangoni. Majirani walizigawana sufuria za mtaa, kila mmoja akichukua moja bila kumtazama usoni.

Kijijini waliishi kwanza kwenye kibanda cha nyasi, kisha kwenye nyumba ya udongo. Kasongo alilima kwa mkono wake wenye kovu, akala alichopikiwa, wala hakumsemesha mkewe. Mvua za kwanza zilimkuta hivyo. Za pili pia.

Lakini kila Jumatano alfajiri aliinuka kabla ya Mwamvua, akamtoa mtoto kitandani akamfunga kifuani pake. Walikwenda kwa miguu siku nzima, wakalala kwa Leodgar, Alhamisi wakapata sindano, wakarudi. Yeye mbele, Mwamvua nyuma. Walipofika mteremko wa Simbo, palipo na korongo upande mmoja, Kasongo alikaza mwendo bila kutazama kando.

Siku moja hapo Siwema alishikwa na kikohozi kirefu. Kasongo alisimama. Hakugeuka. Alingoja tu, akimpigapiga mtoto mgongoni, mpaka aliposikia nyayo za mkewe zimefika karibu. Kisha akaendelea.