Mbuzi wa Pili

Siku ile, mjukuu wangu, naikumbuka kwa harufu ya nyama. Enzi za Mwingereza hizo, tumemaliza kuchuma kahawa kwenye shamba la mzungu mmoja huku mlimani Meru, nami ni msichana nisiyejua kunyamaza. Nyapara wetu, Mzee Lembris, alikuwa Mwarusha. Kwa furaha yake akatoa mbuzi mnono tumle sote.

Vijana wa kwao wakamziba mbuzi pumzi mpaka akafa, damu isimwagike, maana ndiyo desturi yao. Nyama ikachomwa, tukauzunguka moto. Lakini rafiki yangu Zaina na mumewe Bakari, Waislamu wa kutoka Kondoa, wakakaa pembeni na wenzao. Zaina ndiye aliyenifundisha kazi, tukigawana hata kiazi. Mara nikamwona anafunga virago.

"Tunaondoka, mdogo wangu," akaniambia, machozi yakimlengalenga. "Hapa tunaonekana wakati wa kazi tu."

Jamani, moyo uliniuma! Nikamwendea nyapara.

"Shikamoo, mzee. Wale hawali mnyama asiyechinjwa. Si ungewauliza?"

Nilijua leo nachapwa. Mzee Lembris alikuwa ameshika pande la nyama, hajaliuma bado. Akawatazama wale wa pembeni, akalirudisha.

"Nikila mimi na hawa wana njaa, mimi ni nyapara wa nani?"

Akaagiza mbuzi mwingine kutoka bomani kwake, na kwa mkewe chungu kisichowahi kupikiwa. Kisha akamwendea Bakari, akampa kisu kwa mikono miwili. "Nisamehe, mwanangu. Chinja mnavyochinja." Akashinda na njaa hadi mbuzi wa pili alipoiva, ndipo akala nao. Zaina akafungua virago, huku mimi nalia na kucheka.

Sasa nawe umepewa watu wa kuwasimamia kule kwenye shamba la maua, kila mmoja na kwao. Usidhani kinachokufurahisha wewe kinamfurahisha kila mtu. Uliza kwanza. Na ukikosea, omba radhi palepale, mbele ya watu; cheo hakitakutoka.

Maana nilipokuja kumzaa mama yako, nikazidiwa, wote wamekata tamaa, Zaina ndiye aliyempokea. Angeondoka siku ile, mimi na wewe tusingekuwa tunazungumza hapa.

Haya, nenda kazini. Mungu akujalie moyo wa Mzee Lembris, na kwenye moto wako asikae mtu pembeni.