Sabuni Iliyokauka Mapema

Kila nikifundisha sodiamu, katika kundi la kwanza la jedwali la elementi, pua yangu hunusa mawese. Wanafunzi wananakili ubaoni, nami niko tena uani kwa bibi, mjini Uvira, kando ya beseni la sabuni.

Mama ndiye aliyeikoroga, mawese na soda kali yenye sodiamu, mpaka ikawa nzito kama uji. Kisha akafunga mzigo wake wa kwenda kuuza ng'ambo ya ziwa.

"Weye chunga sabuni," aliniambia. "Ikishakauka, nitarudi."

Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba joto huharakisha mmenyuko. Basi kila asubuhi nililiburuta beseni juani, nikalisogeza kila kivuli kilipolifikia.

"Acha, iko inapasuka!" bibi alilalamika. Sikuacha.

Sabuni ilikauka mapema, ngumu, na nyufa juu. Nikakaa nayo mlangoni, nikitazama njia itokayo ziwani. Sabuni ilikuwa tayari. Mama hakuja.

Mwishowe bibi alikata kipande, akakitwaa kikwembe cha mama, kitenge nilichokuwa nikijifunika, akakifua vizuri. Kilipokauka nilikinusa chote, pindo hadi pindo. Kilinukia sabuni tu.